Sura ya Sita: Jimbo Lisilobadili Rangi

Kati ya 2005 na 2020 Korogwe Mjini ilichagua mbunge mara nne, na mara zote nne ikatoa mtu mpya. Mwaka 2005 alikuwa Joel Bendera, kocha wa zamani aliyekuwa na Taifa Stars ilipokwenda fainali za Afrika mjini Lagos mwaka 1980. Mwaka 2010 akaingia Yusuf Nassir, 2015 Mary Chatanda, 2020 Alfred Kimea. Mweleze hayo mtu asiyeijua siasa ya Tanzania, naye atadhani vyama vinapokezana kiti pale, leo huyu kesho yule. Lakini wote wanne ni wa CCM.

Huo ndio ugumu wa kusoma historia ya kura katika sehemu hii ya Mkoa wa Tanga. Ukitazama chama, Handeni na Korogwe hazina habari: tangu vyama vingi viliporudi, hakuna jimbo hata moja katika wilaya hizi lililowahi kutoa mbunge wa upinzani. Ukitazama watu, kuna kuangushana kila baada ya miaka mitano. Vitabu vingi vya uchaguzi hufuata njia ya kwanza, vinapaka ramani rangi ya kijani na kuendelea mbele. Sura hii inafuata ya pili. Inauliza swali moja: mbunge wa Handeni huchaguliwa lini hasa?

Tuanze kabla ya uhuru, maana tabia ya jimbo haianzi 1995. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na mkoa mzima wa kikoloni ulihesabiwa kuwa eneo moja la uchaguzi. Ulikuwa uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo karatasi yake iliharibika. Ili uandikishwe ilibidi uwe na umri wa miaka 21, na juu ya hapo uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambulika. Mkulima wa mahindi wa Sindeni au Kwamatuku hakuwa na pauni 150. Manamba wa mashamba ya mkonge ya Ngombezi na Magunga, waliotoka mbali kuja kukata mkonge kwa mkataba, hawakuwa nazo pia. Kwa hiyo kura ya kwanza ya eneo hili ilikuwa ya makarani, walimu, wafanyabiashara na wenye mashamba. TANU yenyewe nusura igawanyike kwa ajili ya masharti hayo. Kwenye mkutano wa Tabora wa Januari 1958 Nyerere aliwashawishi wajumbe washiriki, na Zuberi Mtemvu akatoka kwenda kuunda chama chake, ANC.

Mwaka 1960 Bunge la kuelekea uhuru lilikuwa na viti 71. TANU ilichukua 70, na kati ya hivyo 58 ilivipata bila kupingwa. Kiti pekee kilichoponyoka kilikuwa cha Mbulu, kwa Herman Sarwatt aliyesimama kama mgombea binafsi. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya Tanganyika iliingia kwenye uhuru bila mtu kupanga foleni ya kumchagua mbunge. Neno hilo, bila kupingwa, litarudi Korogwe miaka 58 baadaye.

Mfumo wa chama kimoja ulipoanza kutumika kwenye uchaguzi wa 1965, Nyerere na wenzake walikabiliwa na swali gumu: chama kikiwa kimoja, mwananchi anachagua nini? Walijibu kwa kusimamisha watu wawili wa chama kilekile. Watia nia walipigiwa kura kwanza na mkutano mkuu wa TANU wa wilaya. Majina yakapelekwa Halmashauri Kuu ya Taifa, ambayo kwa kawaida iliwapitisha wawili walioongoza na mara chache ikapindua. Hao wawili walizungushwa pamoja, jukwaa moja, chini ya macho ya viongozi wa chama wa wilaya. Walikatazwa kutumia fedha zao kujinadi. Walikatazwa kutaja kabila au dini. Walitakiwa wazungumze Kiswahili tu, sharti lenye uzito katika wilaya ambako ingekuwa rahisi mno Mzigua kumnong'oneza Mzigua mwenzake kwa lugha ya nyumbani.

Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mgombea mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Alama hazikuwa na maana yoyote ya sera, lakini wagombea walizipa maana. Mwenye jembe alisema jembe ndilo linalolisha nchi. Mwenye nyumba alijibu kwamba hata anayelima hurudi kulala ndani. Nadhani mzaha huu wa jukwaani ulikuwa na faida kuliko wanavyokiri wachambuzi wanaoudharau. Ulimzoesha mpiga kura kupima mtu badala ya chama, na katika nchi nzima mwaka ule alipima kweli: Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa Mwanza. Kura ya rais ilikuwa kinyume chake. Hapo ulipewa picha ya mtu mmoja, useme ndiyo au hapana.

Angalia kilichojengeka. Kwa robo karne, kuanzia 1965 hadi 1990, watu wa Handeni na Korogwe walifundishwa kwamba chama ni jambo lililokwisha kuamuliwa, na kwamba kazi yao ni kuchagua mtu ndani yake. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka nchi kukusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama, takriban watu wanane katika kila kumi walitaka chama kimoja kiendelee. Vyama vingi vilipohalalishwa mwaka 1992, na uchaguzi wa kwanza ukafanyika 1995, tabia ile haikufutwa na sheria. Ilihamia mahali pengine tu: kwenye kura za maoni za CCM, mrithi wa TANU.

Kwa asiyejua, kura za maoni ni uchaguzi wa ndani wa chama wa kumpata mgombea. Watia nia huchukua fomu, hupita mbele ya wapiga kura wa chama kujieleza, kisha hupigiwa kura. Wapigaji wa kura hiyo wamebadilikabadilika. Kuna miaka ilikuwa ya wajumbe wachache wa mkutano wa jimbo. Mwaka 2010 ilifunguliwa kwa wanachama wote. 2020 ikarudishwa kwa wajumbe. Mabadiliko hayo ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Wajumbe mia kadhaa unaweza kuwafikia mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, na mkono wako usiwe mtupu. Wanachama maelfu huwezi. Ndiyo maana msemo wa "wajumbe si watu" ulivuma mwaka 2020, watia nia walipohesabu ahadi walizopewa na kura walizopata wakaona havilingani. Mwaka 2000 Bunge lilikuwa limehalalisha takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na Mahakama Kuu ikaibatilisha mwaka 2006. Sheria ilikufa. Kama desturi nayo ilikufa, muulize yeyote aliyewahi kuwa mjumbe.

Na hata ukiongoza, hujamaliza. Jina hupita kamati za siasa za wilaya na mkoa hadi vikao vya juu, na huko mshindi anaweza kukatwa. Ni utaratibu uleule wa 1965, isipokuwa kwamba siku hizi hurudi jina moja badala ya mawili. Hapo mwananchi asiye na kadi ya chama amepoteza kitu. Babu yake, aliyechagua kati ya jembe na nyumba, alikuwa na sauti katika mchujo wa mwisho, yeye hana. Huu si ugonjwa wa Tanzania peke yake. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, kwa miongo mingi ya karne iliyopita, chama cha Democratic kilishinda daima, na kila mtu alijua uchaguzi wenyewe ni ule wa ndani ya chama. Tofauti ni kwamba kule mchujo uliendeshwa kwa sheria za serikali. Huku ni kanuni za chama.

Lakini Handeni yenyewe inaonyesha pia kwamba jimbo la namna hii laweza kutulia. Dkt. Abdallah Kigoda aliliwakilisha kwa takriban miaka 20. Alikuwa waziri chini ya Mkapa na tena chini ya Kikwete, na mwaka 2005 jina lake lilikuwa miongoni mwa matano yaliyobaki CCM ilipokuwa inatafuta mgombea urais, pamoja na Kikwete, Salim Ahmed Salim, Mark Mwandosya na Frederick Sumaye. Mbunge wa uzito huo si rahisi kumng'oa katika kura za maoni.

Alifariki Oktoba 12, 2015 akiwa mgombea, siku 13 kabla ya kupiga kura. Sheria inasema mgombea ubunge akifa kati ya uteuzi na siku ya kura, uchaguzi wa ubunge wa jimbo lake huahirishwa na uteuzi huanza upya, ilhali kura ya rais inaendelea. Ndivyo ilivyokuwa: Handeni Mjini ilimchagua mbunge wake Desemba, na aliyeshinda ni Omari Kigoda, mwanawe. Wengi walisema kiti kimerithiwa. Miaka mitano baadaye jina la Kigoda halikuwamo tena. Mbunge akawa Reuben Kwagilwa. Urithi ulidumu kipindi kimoja.

Nimesema Handeni Mjini, na hapo pana jambo jingine linalowapotosha wanaolinganisha matokeo ya miaka mbalimbali. Handeni ya leo si ile ya zamani. Upande wa magharibi, nchi ya Wanguu, ulitoka ukawa Wilaya ya Kilindi mwaka 2002, makao yake Songe. Mwaka 2015 Tume ya Uchaguzi ilipoongeza majimbo, Handeni iliyobaki ikakatwa sehemu mbili: mji, na vijijini, ambako Mboni Mhita alishinda mwaka ule na John Sallu akamfuatia 2020. Korogwe nayo ilikuwa imekwisha kugawanywa hivyohivyo. Anayesema "kura za Handeni zimepungua" bila kutaja mipaka anapima shamba lililouzwa nusu.

Wapiga kura nao wamebadilika. Kule Chogo wanaishi Wazigua waliotoka Somalia, wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani hii katika karne ya 19, wakarudi kama wakimbizi na wengi wao wakapewa uraia. Tangu Juni 2022 familia zilizohamishwa kutoka Ngorongoro zimekuwa zikipelekwa Msomera, kijiji cha Handeni. Mwaka 2024 baadhi ya wakazi waliobaki Ngorongoro walilalamika kwamba majina yao kwenye daftari la wapiga kura yameonekana Msomera, mamia ya kilomita kutoka wanakolala. Daftari, kama mipaka, huamua mengi kabla ya kampeni kuanza.

Kuna hoja kwamba watu wa huku wanaipenda tu CCM, basi. Sehemu yake ni kweli: mizizi ya TANU ilikwenda mpaka kwa balozi wa nyumba kumi, na upinzani haukuwahi kujenga kitu cha kulingana nayo vijijini. Lakini Tanga Mjini, mkoa huohuo, ilimchagua Mussa Mbarouk wa CUF mwaka 2015, kwa hiyo si damu ya mkoa. Mimi naona sababu kubwa zaidi ni maji. Handeni ni wilaya ya ukame; watu hutegemea malambo, na mradi wa HTM (Handeni Trunk Main) uliojengwa miaka ya 1970 kuvuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe umezeeka huku watu wakiongezeka. Kila kampeni imeahidi kuufufua. Mwaka 2022 serikali ilisaini mikataba ya mradi wa miji 28 kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India, na Handeni imo. Mtu anayesubiri bomba kutoka serikalini huogopa kumtuma bungeni mtu anayegombana na serikali. Hofu hiyo ina mantiki, na ndiyo inayohamisha hasira ya mpiga kura kutoka kwa chama kwenda kwa mbunge. Bomba lisipotoa maji, anafukuzwa mbunge; chama kinabaki.

Korogwe Vijijini ndiko mambo haya yalikofikia ukomo wake. Stephen Ngonyani, mganga wa jadi aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Profesa Maji Marefu, aliingia bungeni 2010 baada ya Laus Mhina, akarudi 2015, akafariki Julai 2018. Ulipoitishwa uchaguzi mdogo, wana CCM walishindana, Timotheo Mnzava akapitishwa. Baada ya uteuzi wa wagombea hakubaki wa kushindana naye. Alitangazwa mbunge bila kupingwa, na siku ya kura, Septemba 16, watu wa Bungu, Magoma na Mombo hawakuwa na karatasi ya kutia tiki.

Sheria ya uchaguzi ya mwaka 2024 imeondoa njia hiyo. Mgombea aliyebaki peke yake sasa hupigiwa kura ya ndiyo au hapana, kama rais wa enzi ya chama kimoja. Ni afadhali kuliko kutopiga kabisa, lakini haijibu swali la sura hii. Mbunge wa Handeni na wa Korogwe bado huchaguliwa Julai au Agosti, na watu wenye kadi. Msomaji anayeishi huko na asiye na kadi ajue kwamba kufikia Oktoba amechelewa.