Mkuki wa Vita na Mkuki wa Pambo

Si ajabu hata leo, kwa mtu aingiaye nyumba ya mzee wa Kihehe katika vijiji vinavyozunguka Mgololo, mahali panapojulikana zaidi kwa kiwanda chake cha karatasi, kuona mkuki umechomekwa darini, mweusi kwa moshi wa miaka mingi. Wala si ajabu, afikapo mjini, kuuziwa mwingine ung'aao kwa maneno kwamba ndio uliopigania vita vya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepambana na Wajerumani. Kuitambua tafauti ya miwili hiyo ni maarifa yanayostahili kuenea, kwani mkuki katika nchi hii si chombo cha hivi hivi: tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, jeshi la Kijerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, pamoja na bunduki na mizinga yake, lilivunjwa na Wahehe wa Mkwawa, ambao silaha yao kubwa ilikuwa mkuki, na Zelewski mwenyewe akauawa kwa mkuki.

Atakaye kuujua mkuki uliofuliwa kwa kazi na atazame kwanza bapa lake. Mhunzi aliyejua kwamba uhai wa mtu utategemea kazi yake aliliacha nene katikati, tangu shina hadi ncha, ili lisipinde likigonga mfupa, kisha akalipunguza kidogo kidogo kuelekea makali. Na makali hayo, kwa kunolewa miaka na miaka, aghalabu hayalingani, upande mmoja umeliwa kuliko wa pili. Pale bapa linapopokea mti, chuma kimekunjwa kwa nyundo kikawa bomba, na mshono wake huonekana wazi, haukuzibwa. Mkuki wa biashara, kinyume chake, mara nyingi umekatwa katika bati la chuma lenye unene mmoja kote; makali yake hayakukonda, mikwaruzo ya tupa ingali mipya, na shingoni pana uvimbe wa kuchomelewa kwa umeme, uliofichwa kwa rangi nyeusi.

Kutu nayo hunena. Chuma kilichoyeyushwa kwa makaa katika matanuri ya udongo, kama yale marefu ya Ufipa, hakikutoka safi, bali kilibakiwa na mavi ya chuma ndani yake. Hata kutu ikikila, huacha mistari mfano wa nyuzi za mbao. Kutu ya hila, iliyoletwa kwa chumvi na maji, hukaa juu juu, nyekundu, ikapukutika kwa kidole. Hata hivyo chuma laini kisicho na mistari hakithibitishi udanganyifu, maana chuma cha kigeni kiliwafikia wahunzi wetu kwa njia ya biashara tangu zamani.

Naomba pia tusidharau pambo kwa kuwa ni pambo. Watawala wa Karagwe waliweka katika hazina yao mikuki na ng'ombe wadogo wa chuma, ambao hawakufuliwa kwa vita wala kwa mawindo, bali kwa kudhihirisha hadhi ya ufalme. Navyo ni vitu vya kale vyenye thamani kubwa kama silaha yoyote. Mkuki wa namna hiyo huonyesha umahiri wa fundi wake kila mahali, hata pasipoonekana, ilhali ule wa kumvutia mgeni umepambwa upande wa mbele tu. Kosa, basi, halimo katika kufua pambo; limo katika kuliuza kwa jina la vita ambavyo halikuviona, kwa kuwa tendo hilo huwaibia waliokufa Lugalo ushahidi wao.

Wewe uliyerithi mkuki, usiusugue kwa msasa wala kuupaka rangi, kwa maana moshi na kutu ndivyo mashahidi wake, na mti wake, hata ukiwa umeoza, usiutupe. Mwulize mkubwa wa nyumba ulitoka wapi, uyaandike maneno yake. Kisha uupeleke ukaangaliwe na watu wa makumbusho ya Iringa Boma au ya Kalenga kabla hujasikiliza bei ya mnunuzi yeyote.