Shule Zafunguliwa, Mvua Zaanza: Afya ya Watoto wa Gisenyi



Kila uingiapo mwezi wa Septemba, mambo mawili hutokea kwa pamoja katika Wilaya ya Rubavu. Kengele za shule za msingi hulia tena baada ya likizo ndefu, na mvua za vuli, ambazo kwa Kinyarwanda huitwa Umuhindo, huanza kuteremka kutoka kwenye milima ya volkano hadi ufukoni mwa Ziwa Kivu. Zamani mambo hayo hayakukutana. Mwaka wa masomo ulianza Januari, wakati mvua za vuli zimekwisha kupungua. Lakini janga la korona lilipozifunga shule mwezi wa Machi 2020, kalenda nzima ilivurugika, na ilipotengenezwa upya, mwaka wa masomo ukahamia Septemba. Hivyo mtoto wa darasa la kwanza siku hizi huingia katika chumba kilichojaa wenzake, kila mmoja ametoka nyumba yake na mtaa wake, wakati ule ule ambapo baridi inawalazimisha kufunga madirisha na mvua inazoa uchafu wa vilimani na kuupeleka kwenye visima na mito. Hapo ndipo mafua, kikohozi, homa ya mapafu na magonjwa ya kuhara yapatapo nafasi.

Twazungumza nanyi, ndugu askari, kwa sababu mbili. Kwanza, nanyi ni wazazi, na mara nyingi ni wazazi walio mbali: huko Cabo Delgado, huko Jamhuri ya Afrika ya Kati, au katika kituo cha mpakani ambako zamu haijui saa ya mtoto kwenda shule. Pili, Gisenyi si mji kama miji mingine. Umepakana na Goma ukuta kwa ukuta, na ugonjwa ukianza upande mmoja, upande wa pili huusikia kabla ya magazeti.

Hebu tukumbuke mwezi wa Julai 1994. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka na kuingia Goma katika muda wa siku chache. Nchi ile ni ya mawe ya lava. Jembe haliingii, choo hakichimbiki, wala kaburi. Watu walikunywa maji ya ziwa lile lile walilolitumia kwa mahitaji yao yote. Kipindupindu kikalipuka, kikafuatwa na ugonjwa wa kuhara damu, na wataalamu waliokuwapo walikadiria kwamba watu wapatao 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Dawa ya kipindupindu ilikwisha kujulikana miaka mingi kabla ya hapo, nayo ni maji safi yenye chumvi na sukari. Kilichokosekana ni maji safi yenyewe, na mahali pa kujisitiri.

Kwa nini tunalikumbusha jambo hili kwa ajili ya mtoto wa shule ya msingi? Kwa sababu mawe ni yale yale. Katika mitaa mingi ya Gisenyi iliyo karibu na mpaka, mwenye nyumba anayechimba choo hukutana na lava baada ya hatua mbili, akaridhika na shimo fupi. Mvua za vuli zikija, shimo fupi hufurika. Mtoto hukanyaga, hucheza, hula muhogo wake kwa mkono ule ule. Vijidudu vya kipindupindu havirukii watu hewani. Hupita kinywani tu, kwa maji, chakula au mkono. Hii ni habari njema, maana mlango ulio mmoja waweza kulindwa.

Mlinzi wa mlango huo ni maji na sabuni. Wanyarwanda wana chombo chao kiitwacho kandagira ukarabe, yaani kanyaga unawe: dumu dogo linaloning'inia kwenye mti, kamba, na kijiti cha kukanyagia, ili anayenawa asilishike dumu kwa mkono mchafu. Hakuna chombo cha bei nafuu kuliko hicho, na askari yeyote aliyewahi kujenga kambi anaweza kukitengeneza kwa nusu saa. Chafaa kuwekwa nje ya choo cha nyumbani, si shuleni peke yake. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha yawekwe katika chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko. Ndoo iliyo wazi, ambayo kila mtoto huchota kwa kikombe chake, huyarudishia maji uchafu wote ulioondolewa na moto.

Na mtoto akiharisha? Asinyimwe maji kwa dhana kwamba maji ndiyo yanayomharisha. Dhana hiyo imeua watoto wengi. Ampe mzazi mchanganyiko wa chumvi na sukari unaotolewa katika vituo vya afya, na ukikosekana, achukue lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo wa kijiko. Mtoto anywe kidogo kidogo huku akipelekwa kituoni. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo kipimo kisikisiwe. Macho yakizama, au mtoto akishindwa kunywa, au kinyesi kikiwa kama maji ya mchele, hakuna kungojea asubuhi.

Kuna adui mwingine asiyetangazwa, naye ni minyoo. Jike mmoja wa mchango aweza kutaga mayai 200,000 kwa siku, na mayai hayo hukaa udongoni kwa miaka. Mtoto mwenye minyoo haanguki, ila hushiba haraka, husinzia darasani, huitwa mvivu. Dawa yake hutolewa shuleni katika kampeni za afya ya mtoto, na ni jambo la kusikitisha kwamba wapo wazazi ambao siku hiyo huwaficha watoto wao nyumbani. Tangu mpango wa chakula cha shuleni ulipoenezwa nchini kote, mzazi wa shule ya msingi ya serikali ametakiwa kutoa mchango mdogo tu, uliowekwa kuwa faranga 975 kwa muhula mwaka 2022. Kumpa mtoto chakula hicho pamoja na minyoo ya kukigawana naye ni hasara ya wazi.

Sasa tuje mpakani. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza kuwapo kwa Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Mwezi wa Julai 2019 mgonjwa wa kwanza alipatikana Goma kwenyewe, na siku chache baadaye Shirika la Afya Duniani likautangaza ugonjwa huo kuwa hatari kwa dunia nzima. Mpaka ule ugonjwa ulipokwisha mwezi wa Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa nchini Kongo. Wakati huo makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka kila siku baina ya Goma na Gisenyi, wengi wao wakiwa akina mama wenye mizigo kichwani, na wanafunzi wenye madaftari. Hata hivyo, Rwanda haikupata mgonjwa hata mmoja.

Si bahati iliyofanya kazi hiyo. Kila aliyevuka alinawa mikono na kupimwa joto. Waganga na wauguzi walio hatarini walichanjwa mapema mwaka 2019, na mwezi wa Desemba ikaanza kampeni ya chanjo kwa wakazi wa Rubavu na Rusizi, ikapewa jina la Umurinzi, maana yake mlinzi. Chanjo hiyo ilitolewa mara mbili kwa nafasi ya siku 56, hata kwa watoto wa miaka miwili. Lakini askari wa zamu afahamu vyema kipimo cha joto kinaweza nini na hakiwezi nini. Kipimo huiona homa. Hakimwoni mtu aliyeambukizwa jana, ambaye aweza kukaa hadi siku 21 kabla ya kuugua. Ndiyo maana kunawa hakuachwi kwa kuwa joto ni la kawaida, na ndiyo maana neno la raia anayesema kwamba jirani yake amerudi kutoka msibani na anatapika, lina uzito kuliko kipimo. Askari anayemkaripia raia huyo amejinyang'anya mwenyewe silaha yake bora.

Mwaka 2024 mtihani ulirudi mara mbili. Mwezi wa Julai Rwanda ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza wa homa ya nyani, na mwezi uliofuata, tarehe 14 Agosti, dunia nzima ikatahadharishwa. Tahadhari hiyo iliondolewa Septemba 2025. Ugonjwa huo huenezwa hasa kwa kugusana ngozi kwa ngozi na kwa kulala katika matandiko ya mgonjwa, na huko Kongo na Burundi watoto wengi waliupata. Halafu tarehe 27 Septemba 2024, shule zikiwa ndiyo kwanza zimefunguliwa, ukatangazwa ugonjwa wa Marburg. Watu 66 waliugua, wengi wao wakiwa wahudumu wa hospitali, na 15 wakafa, kabla ya kutangazwa kwamba umekwisha tarehe 20 Desemba. Kwa muda huo wazazi walizuiwa kuwatembelea watoto katika shule za bweni. Baadhi yao walinung'unika, na kunung'unika kwa mzazi kunaeleweka. Lakini katika ugonjwa ambao hapo awali, katika nchi nyingine, umewahi kuua zaidi ya nusu ya waliougua, kunung'unika ni gharama ndogo.

Mzazi afanye nini? Mtoto mwenye homa na upele, au vidonda visivyoeleweka, asipelekwe shuleni ili asikose mtihani. Abaki nyumbani, na mhudumu wa afya wa kijiji aarifiwe. Wahudumu hao huchaguliwa na wanakijiji wenyewe, na hata malaria huipima na kuitibu hapo hapo mtaani. Watu wa nyanda za juu huwa na tabia ya kuidharau malaria, wakidhani kwamba ni ugonjwa wa Bugesera na wa mashariki. Baba akirudi likizo kutoka nchi za joto akiwa na homa, apimwe siku ile ile, na familia yake ilale ndani ya chandarua.

Kuhusu chanjo yafaa tuseme waziwazi. Surua ni miongoni mwa magonjwa yanayoambukiza kwa kasi kuliko mengine yote: mgonjwa mmoja, mahali ambapo hakuna kinga, aweza kuwaambukiza watu kati ya 12 na 18, ambao ni kama madawati sita au tisa ya darasa moja. Chanjo yake hutolewa mara mbili utotoni, kwenye miezi 9 na miezi 15. Mzazi aifungue kadi ya mtoto wiki hii na kuitazama, maana familia za askari huhamahama, na dozi ya pili ndiyo inayosahauliwa njiani. Tena mwaka 2011 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuanzisha kwa taifa zima chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, inayotolewa kwa wasichana wanaofikia miaka 12, wengi wao wakiwa shuleni. Uvumi wa kwamba chanjo hiyo inafunga uzazi hauna msingi wowote. Neno la baba mwenye sare husikilizwa sana mtaani. Akiurudia uvumi huo kwenye kilabu cha pombe, binti za watu ishirini watarudi nyumbani bila kinga.

Yabaki mambo mawili ya Gisenyi peke yake. Mto Sebeya unapita Kanama, Nyundo na Rugerero, na usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 ulibomoa nyumba nyingi, katika mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 130 nchini. Mvua za vuli nazo huujaza. Mtoto anayeuvuka akienda shule apewe mtu mzima wa kumvusha, au azungukie darajani hata kama ni mbali, na radi ikianza asikimbilie chini ya mti. Jambo la pili ni mazuku, ile hewa mbaya ya kaboni inayotoka ardhini katika nchi ya lava. Haina rangi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na hutuama mabondeni na mashimoni, hasa alfajiri kabla ya upepo. Mtu mzima aliyesimama aweza kupita salama pale ambapo mtoto, kwa ufupi wake, anavuta kifo. Watoto wafundishwe kwamba shimo lenye ndege au mbuzi waliokufa halichungulii mtu, na kwamba mwenzao akianguka humo wasimfuate, bali wapige kelele kuita wakubwa.

Mwisho, kabla ya kuondoka kwenda zamu ya mbali, askari ahakikishe kwamba mke au mume na watoto wote, pamoja na aliyezaliwa mwaka huu, wameandikishwa katika bima ya matibabu ya kijeshi, MMI. Watoto wa ndugu anaowalea bila kuwa na haki ya bima hiyo waandikishwe katika mituweli, ambayo mwaka wake huanza tarehe 1 Julai. Kadi zisifungiwe sandukuni na ufunguo ukaenda naye. Ziachwe mahali ambapo hata mtoto mkubwa wa nyumba anapajua, pamoja na nambari ya simu ya mhudumu wa afya wa kijiji.