Kilichokatwa Kwenye Video Hubaki Mwilini

Desemba 2009, Danny Cahill alipanda kwenye mizani mbele ya kamera za kituo cha NBC, nchini Marekani. Miezi saba kabla ya hapo alikuwa na kilo 195. Usiku ule mizani ilisoma kilo 87. Akatangazwa mshindi wa msimu wa nane wa The Biggest Loser, shindano la kupunguza uzito lililokuwa likitazamwa na mamilioni ya watu, na hakuna mshiriki yeyote kabla yake aliyekuwa amepunguza kilo nyingi kiasi hicho.

Miaka sita baadaye, zaidi ya kilo 45 zilikuwa zimemrudia.

Jirani yeyote angesema amejiachia, amerudia sahani zake za zamani. Watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walikuta jambo jingine kabisa mwilini mwake na mwa wenzake. Walichokikuta kinasaidia kujibu swali ambalo watu hubishana kila wanapotazama vipindi vya maisha halisi: haya yanayoonyeshwa ni ya kweli, au ni maigizo?

Ubishi huo kwa kawaida huanzia mahali pasipofaa. Wanaosema ni maigizo hudhani washiriki hupewa maneno ya kukariri, na wanaosema ni kweli hutaja machozi, ngumi na mapenzi waliyoyaona kwa macho yao. Machozi yale mara nyingi ni ya kweli. Kinachotengenezwa ni mazingira yanayoyaleta na mpangilio wa picha baada ya tukio. Mtu anachaguliwa kati ya maelfu kwa sababu ana hasira za karibu au ana siri. Ananyang'anywa simu, magazeti na saa ya ukutani, kisha anawekwa nyumba moja na watu wa aina hiyohiyo ambao kila mmoja anataka zawadi ileile. Hakuna haja ya kumwandikia la kusema.

Kisha huja kazi ya kukata. Mwaka 1971 wapiga picha walikaa miezi saba na familia ya Loud huko Santa Barbara, California, wakakusanya takriban saa 300 za filamu. Mwaka 1973 televisheni ya umma ya PBS ikarusha vipindi 12 tu, na familia ikalalamika kwamba nyakati zake za furaha zilitupwa zikabakizwa ugomvi na talaka. Hakuna aliyedai kwamba ugomvi ule ulibuniwa. Lalamiko lilihusu kile kilichoachwa nje, na tangu siku ile halijawahi kupata jibu la kuridhisha.

Afrika ililijua hilo mwaka 2003. Big Brother Africa ilipoanza, vijana 12 kutoka nchi 12 waliingia katika jumba moja nchini Afrika Kusini kwa siku 106. Siku moja ya watu 12 ni saa 288 za maisha, na nyingi kati ya hizo ni za kulala, kupika na kukaa tu. Aliyetazama muhtasari wa jioni aliona kitu kingine, nyumba inayowaka kwa mapenzi na fitina. Bunge la Malawi lilipiga marufuku kipindi hicho kwenye televisheni ya taifa mwezi Agosti, kabla ya Mahakama Kuu kuliondoa zuio. Mzambia Cherise Makubale akashinda dola 100,000, Mtanzania Mwisho Mwampamba akawa wa pili, na Dar es Salaam nzima ikawa inamzungumzia kama mtoto wa mtaani kwao. Miaka kumi na moja baadaye Idris Sultan alipobeba dola 300,000, hali ilikuwa ileile: watu ambao hawajawahi kukutana naye walikuwa na hakika kwamba wanamfahamu.

Hisia hiyo ina historia katika sayansi. Mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl walieleza jinsi mtazamaji anavyojenga na mtu wa kwenye skrini urafiki wa upande mmoja, unaohisiwa kama urafiki wa kweli ingawa yule mwingine hana habari. Kipindi cha maisha halisi huuongeza nguvu urafiki huo, kwa kuwa mtu anaonekana akipiga mswaki, akinuna, akiomba msamaha. Ndiyo maana akionewa, anayeumia ni mtazamaji pia.

Zipo mbinu za uhariri ambazo jicho likizijua huziona kila mahali. Sentensi moja inaweza kuunganishwa kutoka maneno yaliyosemwa siku tofauti. Dalili yake ni sauti ya mshiriki inayoendelea kusikika huku picha ikionyesha dirisha, mti au uso wa mwingine, yaani mdomo wa msemaji umefichwa pale hasa penye mshono. Uso wa kukunja ndita unaweza kuwa ulipigwa picha saa tatu kabla ya kauli unayoonekana kuijibu. Na kuna kinachobaki nje ya picha kabisa. Mwaka 2001 shindano la Survivor lilipigwa picha katika Hifadhi ya Shaba, Isiolo, Kenya. Njaa na kiu ya washiriki ilikuwa ya kweli na miili yao ilikonda. Upweke wao haukuwa wa kweli, kwa kuwa kila walipokaa palikuwa na wapiga picha na wasimamizi ambao mtazamaji hakuwaona.

Kwenye The Biggest Loser kilichokatwa zaidi ni muda. Baadhi ya washiriki wa zamani wamesema "wiki" ya kwenye runinga, ile kati ya mizani moja na nyingine, haikuwa lazima siku saba. Ryan Benson, mshindi wa msimu wa kwanza aliyepunguza kilo 55, alieleza hadharani kwamba mwishoni alifunga kula na kujinyima maji hadi akakojoa damu, na kwamba siku tano baada ya shindano kilo zaidi ya 14 zilikuwa zimerudi, nyingi zikiwa maji. Mizani haikudanganya. Ilipima maji yaliyotoka, na mtazamaji akaambiwa ni mafuta yaliyoungua.

Sasa turudi kwa Cahill na wenzake. Kevin Hall wa Taasisi za Taifa za Afya na timu yake walikuwa wamewapima washiriki wa msimu wa nane tangu mwanzo. Miaka sita baadaye 14 kati yao walikubali kurudi maabara, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016 katika jarida la Obesity. Kati ya hao 14, 13 walikuwa wameongezeka. Kwa wastani walikuwa wamepoteza kilo 58 kwenye shindano na kurudisha kilo 41.

Ili kuelewa sababu, ifahamike kwamba mwili wa mtu aliyelala haujapumzika. Moyo unasukuma damu, figo zinachuja, ubongo unafanya kazi, joto linatunzwa. Kazi hiyo ya kimyakimya hula sehemu kubwa ya nguvu inayotokana na chakula cha siku. Kabla ya shindano, washiriki hao waliunguza kwa wastani kalori 2,607 kwa siku wakiwa wametulia. Baada ya wiki 30 kiasi kilishuka hadi 1,996. Kushuka kulitarajiwa, maana mwili mdogo hutumia kidogo, ingawa kulizidi kile ambacho udogo ule peke yake ungeeleza.

Kipimo cha tatu ndicho kilichowashtua watafiti. Kilo zikiwa zimerudi, matumizi ya nguvu nayo yalipaswa kupanda. Hayakupanda. Yalikuwa 1,903, chini zaidi kuliko siku ya fainali. Ukiwalinganisha na watu wa umri na umbo kama lao, washiriki waliunguza takriban kalori 500 pungufu kila siku, kiasi cha chapati mbili hivi. Mtu wa namna hiyo anaweza kula sawasawa na jirani yake mwenye umbo lilelile, jirani akabaki alivyo na yeye akanenepa.

Njaa nayo ilikuwa imebadilika. Seli za mafuta hutoa homoni ya leptini, inayoujulisha ubongo akiba iliyopo. Siku ya fainali leptini ya washiriki ilikuwa imeporomoka hadi karibu kwisha, na miaka sita baadaye ilikuwa imefikia takriban theluthi mbili tu ya kiwango cha awali. Ubongo uliendelea kupata taarifa kwamba akiba haitoshi. Anayemwita mtu huyo mlafi hajui kinachoendelea ndani yake.

Utafiti wa watu 14 una mipaka yake, na waliopunguza kilo kwa kasi ile si mfano wa kila mtu. Hall mwenyewe ameyarejea matokeo hayo na kupendekeza kwamba huenda mwili ulibana matumizi kwa sababu ya ongezeko kubwa la mazoezi lililodumu kwa miaka. Na yapo mema yaliyopita bila kelele. Wanane kati ya 14 walikuwa bado wamebaki angalau asilimia 10 chini ya uzito wao wa kuanzia. Kliniki ya kisukari au ya shinikizo la damu ingeyaita hayo mafanikio makubwa. Uchambuzi uliofuata mwaka 2017 ulionyesha kwamba waliofaulu zaidi kuzuia uzito walikuwa wameongeza shughuli za mwili kwa asilimia 160 kuliko mwanzo, na waliorudisha uzito kwa asilimia 34. Hizo ni habari njema kwa mtu anayetembea kwenda kazini kila siku kwa miaka mingi. Kwa televisheni hazina thamani, maana hazina usiku wa fainali.

Je, mtazamaji aliyekaa sebuleni alichukua nini? Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bowling Green State, Ohio, waliwagawa washiriki 59 kwa bahati nasibu: baadhi wakatazama kipindi kimoja cha The Biggest Loser, wengine kipindi cha mazingira ya asili. Waliotazama shindano walitoka wakiwachukia zaidi watu wanene na wakiamini zaidi kwamba unene ni uamuzi wa mtu mwenyewe. Chuki ilionekana hasa kwa wembamba ambao hawakuwa na nia ya kupunguza uzito. Mwaka uliofuata, Tanya Berry na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walikuta kwamba wanafunzi walioonyeshwa sehemu ya shindano hilo waliyaona mazoezi kwa ubaya zaidi kuliko walioonyeshwa shindano la uimbaji la American Idol. Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Kipindi kilichojitangaza kama cha kuhamasisha afya kiliwafanya watu wamdharau mtu mnene na wayachoke mazoezi kabla hawajavaa raba.

Wengi hujikinga kwa kusema wanajua si kweli yote. Kujua kwa jumla hakutoshi. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti ya Girl Scouts ya Marekani iliwahoji wasichana zaidi ya 1,100, na nusu yao waliamini vipindi vya maisha ya kila siku kwa sehemu kubwa ni vya kweli na havijaandikwa. Kati ya watazamaji wa mara kwa mara, asilimia 78 waliona kusengenyana ni jambo la kawaida kati ya wasichana, ikilinganishwa na asilimia 54 ya wasiotazama. Lakini watazamaji haohao walikuwa tayari zaidi kujiona viongozi. Uchunguzi wa aina hii hauwezi kusema kipi kilitangulia, tabia au runinga, na si haki kuusoma upande mmoja tu.

Upande wa pili una mfano unaobishaniwa hadi leo. Kipindi cha 16 and Pregnant cha MTV kilianza Juni 2009 kikiwafuata wasichana wajawazito wakikesha, wakiachwa na wapenzi, wakikosa shule. Wachumi Melissa Kearney na Phillip Levine walihesabu kwamba kilichangia kupungua kwa uzazi wa vijana kwa asilimia 4.3 katika miezi 18 ya mwanzo. Wachumi wengine wameipinga njia yao ya kukokotoa, na mjadala haujafungwa. Linaloonekana wazi zaidi ni kwamba kipindi kile kilibakiza kwenye picha kile ambacho vingine hukata: usiku mrefu na gharama.

Wadhibiti nao wameingilia kati. Nchini Uingereza, kifo cha mgeni wa kipindi cha The Jeremy Kyle Show siku chache baada ya kurekodiwa mwaka 2019 kilisababisha kipindi kufutwa, na tangu Aprili 2021 kanuni za mdhibiti Ofcom zinavitaka vituo vilinde ustawi wa wanaoshiriki. Ni hatua ya lazima, na ilichelewa. Anayelindwa hapo, hata hivyo, ni yule aliye mbele ya kamera.

Afrika Mashariki ina jadi yake ya vipindi hivi ambayo inastahili kutazamwa kwa makini kuliko inavyotazamwa. Maisha Plus ya Tanzania iliwapeleka vijana wa mjini kijijini kulima, kuchota maji na kupika kwa kuni, na baadaye ikaungana na Mama Shujaa wa Chakula ya shirika la Oxfam, ambapo wakulima wanawake waliishi pamoja na kushindana kwa maarifa ya shamba. Kenya ina Shamba Shape Up, iliyoanza mwaka 2012 kwa Kiswahili na Kiingereza. Timu hukaa siku chache kwa mkulima halisi, ikajenga banda, ikapima udongo, ikatibu ng'ombe. Tathmini iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Reading ilikadiria kwamba kaya takriban 428,000 zilibadili kilimo chao cha mahindi au ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, au zilinufaika, kutokana na kipindi hicho.

Nacho kina wadhamini wanaotaka bidhaa zao zionekane, na nacho hukata: banda hukamilika kati ya tangazo moja na jingine, mahindi huota kwa sekunde. Tofauti ni kwamba mtazamaji aliyependa alichokiona anaweza kutuma ujumbe mfupi wa simu na kuletewa kipeperushi chenye hatua za kazi yenyewe, akisome shambani kwake kwa mwendo wa msimu wake.