Kirilo Japhet: Baba wa Wameru, Babu wa Wengi

Katika nchi ya Wameru, mashariki ya mji wa Arusha, likitajwa jina la Kirilo hakuna aulizaye ni Kirilo yupi. Ni hayati Kirilo Japhet. Wa rika lake walimwita ndugu, waliofuata wakamwita baba, na wanaozaliwa leo wana haki ya kumwita babu.

Wasomaji wetu wa visiwani yumkini hawakuwahi kumsikia, lakini mkasa wake si mgeni kwao. Wazee wa Unguja hawajasahau wakaazi waliofukuzwa mashambani katika miaka ya 1957 na 1958. Huko Meru balaa lilitangulia. Mwezi wa Novemba, 1951, serikali ya Kiingereza ilipeleka askari Ngare Nanyuki, chini ya mlima, ikawatoa watu wapatao 3,000 katika ardhi yao ili ipewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zikatiwa moto. Watu wakaambiwa wahamie Kingori, nchi ya joto na maradhi ya mifugo. Maofisa wa ardhi wa leo wakumbuke kwamba serikali ile haikukosa ramani wala tume. Ilichokosa ni sikio.

Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo, katibu wa chama chao, pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, kwenda New York kushitaki mbele ya Umoja wa Mataifa. Hebu tufikiri: mtu wa nchi iliyowekwa chini ya udhamini asimama mbele ya wajumbe wa dunia na kumshitaki mdhamini wake! Mwalimu Nyerere aliipita njia hiyo hiyo mwaka 1955.

Kura hazikutosha. Azimio la kuwarudishia Wameru ardhi yao lilikosa theluthi mbili zilizotakiwa katika Baraza Kuu. Wako wasemao kwamba basi safari ilikuwa ya bure. Sisi hatukubali. Aliporudi, Kirilo alizunguka nchini akiwaeleza watu yaliyotokea, na TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai, 1954, wengi walikwisha kujua kwamba Mwingereza naye hushitakiwa.

Mwaka 1967 yeye na Seaton walitoa kitabu juu ya kesi hiyo. Kiliandikwa kwa Kiingereza, na hapo tuna neno na wakubwa wa elimu. Baba wengine huacha ng'ombe na mashamba. Huyu aliwaachia wajukuu hati ya madai yao. Mtoto wa Leguruki, au wa Wete, asiyeijua lugha ile, ataisoma vipi? Habari hii na iingie madarasani kwa Kiswahili, wangali hai waliokuwa watoto siku nyumba zilipochomwa.

Ngare Nanyuki sasa hulimwa nyanya kwa maji ya mifereji, na wanaozilima ni Wameru.