Mvua, udongo na vyuma vilivyozikwa: Namna msimu unavyoamua kinachopatikana Mbale na Jinja

Katika nchi za kaskazini mwa dunia, wapenzi wa kutafuta vitu vya kale kwa kifaa cha kutambua vyuma huhesabu mwaka wao kwa majira ya baridi. Theluji inapofunika mashamba na ardhi inapoganda, wengi wao hukitundika kifaa ukutani na kungoja. Mashariki mwa Uganda hakuna theluji wala barafu ya kuzuia jembe, isipokuwa usiku wa baridi kali karibu na kilele cha Mlima Elgon, chenye urefu wa mita 4,321. Hata hivyo, msimu unatawala huko pia. Kinachofungua na kufunga ardhi ya Mbale na Jinja ni mvua.

Miji hiyo miwili, ambayo yote ilipewa hadhi ya jiji Julai 2020, haiko mbali sana mmoja na mwingine. Lakini mmoja umekaa chini ya volkano iliyozimika na mwingine uko mahali Mto Nile unapoanza safari yake kutoka Ziwa Victoria. Tofauti hiyo inatosha kufanya kifaa kilekile, mikononi mwa mtu yuleyule, kitoe majibu tofauti kabisa.

Kifaa husikia nini?

Kifaa cha kutambua vyuma hakioni kitu kilichozikwa. Sahani yake ya chini ina nyaya zilizosokotwa, na umeme unaopita ndani yake hutengeneza uga wa sumaku unaobadilika mara maelfu kwa sekunde. Uga huo unapokutana na sarafu, msumari au kipande cha dhahabu, husababisha mikondo midogo ya umeme ndani ya kitu hicho. Mikondo hiyo nayo huunda uga wake mdogo, ambao kifaa huunasa na kuugeuza kuwa mlio.

Tatizo ni kwamba ardhi yenyewe pia hujibu. Udongo wenye madini ya chuma hutoa mlio wake, na maji yaliyochanganyika na chumvi hupitisha umeme. Kwa hiyo mtafutaji hulazimika kwanza kukirekebisha kifaa ili kiizoee ardhi ya mahali hapo na kupuuza sauti yake. Kwa vifaa vya kawaida, sarafu moja husikika hadi kina cha takribani sentimita 20 au 30 katika udongo mzuri. Katika udongo wenye chuma kingi, kina hicho hupungua sana.

Mvua huingia katika hesabu hiyo kwa njia mbili. Kwanza, unyevu huongeza uwezo wa udongo kupitisha umeme, jambo linaloweza kusaidia au kuvuruga kulingana na aina ya udongo na kiasi cha chumvi iliyomo. Pili, chuma kinachooza kwa kutu ndani ya udongo wenye unyevu husambaza kutu hiyo pembeni, na mlio wake huonekana kutoka eneo kubwa kuliko kitu chenyewe. Msumari mmoja wa zamani unaweza kujifanya sufuria. Dhahabu haishiki kutu, kwa hiyo haipati msaada huo.

Mbale: udongo wenye kelele

Mlima Elgon ni volkano ya kale, na miamba na majivu yake yamezaa udongo wenye rutuba unaolisha kahawa ya Arabika ya Bugisu pamoja na migomba iliyojaa miteremkoni. Rutuba hiyo huja na gharama kwa mwenye kifaa, kwa kuwa miamba ya volkano mara nyingi hubeba magnetiti, madini ya chuma yenye nguvu ya sumaku. Kusini zaidi, karibu na Tororo, vilima vya Sukulu vinajulikana kwa wanajiolojia kwa fosfeti na magnetiti yake. Katika ardhi ya namna hii kifaa hulia hata pale ambapo hakuna kitu, na jiwe la kawaida linaweza kumchimbisha mtu shimo la bure.

Kalenda nayo ina masharti yake. Mbale hupata mvua kwa muda mrefu wa mwaka, kuanzia Machi au Aprili hadi karibu Novemba, ikipungua kidogo katikati. Desemba hadi Februari ndiyo miezi mikavu. Katika miezi hiyo mahindi yamevunwa, mabua yamelala na shamba la tambarare liko wazi kabla ya jembe la msimu mpya. Hapo ndipo mtu anaweza kupita na kifaa bila kukanyaga riziki ya mwenye shamba, mradi amepata ruhusa yake.

Kwa upande mwingine, udongo wa mfinyanzi uliokauka huwa mgumu kama tofali. Kuchimba huchosha, na kitu dhaifu kinaweza kuvunjika kabla hakijatoka. Ndiyo maana wiki za mwanzo za mvua, ardhi ikiwa imelainika lakini haijawa tope, zina thamani kubwa. Ni dirisha fupi, na hufunguka wakati uleule mkulima anapotaka kupanda. Milimani dirisha hilo halipo kabisa, kwa kuwa kahawa na migomba hukaa shambani mwaka mzima na mizizi yake haipaswi kuguswa.

Jinja: ziwa ndilo kalenda

Jinja haina ukavu mrefu kama wa Mbale. Iko ukingoni mwa Ziwa Victoria, na ziwa hilo huleta manyunyu na ngurumo hata katika miezi ambayo kwingine ni mikavu. Misimu mikuu ya mvua ni Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba au mwanzoni mwa Desemba.

Udongo wa eneo hilo kwa kiasi kikubwa ni mwekundu, na wekundu huo ni chuma kilichooza. Vilimani hupatikana tabaka za moramu, yaani vijiwe vyenye chuma vinavyotumika kutengenezea barabara. Vijiwe hivyo navyo hudanganya kifaa. Mashariki mwa mji, mashamba ya miwa ya Kakira hufunika ardhi kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuvunwa, kwa hiyo huko mtafutaji hangoji msimu bali hungoja zamu ya shamba.

Kinachoitofautisha Jinja zaidi ni historia yake ya viwanda. Reli ya Busoga kutoka Jinja hadi Namasagali ilifunguliwa mwaka 1912. Bwawa la Owen Falls lilizinduliwa mwaka 1954, na shaba ya Kilembe kutoka magharibi mwa nchi iliyeyushwa Jinja kuanzia mwaka 1956. Mji kama huo huacha ardhini misumari ya reli, vipande vya mabomba, nyaya na takataka za tanuri. Kwa mpenzi wa vitu vya kale, hizo ni kelele. Kwa mkusanyaji wa vyuma chakavu anayeuza kwa kilo, hicho ni chakula cha siku, na viwanda vya chuma vya Jinja hununua chuma chakavu ili kukiyeyusha upya.

Ufukweni, mvua ya wiki moja haina maana kubwa kama mvua ya miaka. Kina cha Ziwa Victoria, kinachopimwa Jinja, kilishuka sana katikati ya muongo wa 2000 na kuacha wazi ardhi iliyokuwa chini ya maji. Mei 2020 kilipanda hadi takribani mita 13.4 kwenye kipimo cha Jinja, sawa na kile cha mwaka 1964 ambacho kilikuwa hakijafikiwa tena kwa zaidi ya nusu karne. Ufuko uliotembelewa miaka kumi na mitano kabla ulikuwa umerudi ziwani.

Wanaofungiwa na baridi

Hali hiyo inaweza kulinganishwa na ya maeneo ya baridi. Katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako mji wa Minneapolis una jamii kubwa ya watu wenye asili ya Afrika Mashariki, ardhi huganda kwa kina kinachoweza kuzidi mita moja. Kifaa kinaweza kulia juu ya theluji, lakini hakuna mwiko wala jembe la mkono litakaloingia. Betri nazo huishiwa nguvu haraka kwenye baridi.

Uingereza ni kinyume kidogo. Baridi yake si kali kiasi hicho, na mashamba yaliyolimwa baada ya mavuno huwa wazi hadi ngano ya msimu wa baridi inapochipua. Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne huko Suffolk, Eric Lawes alikuwa akimsaidia mkulima kutafuta nyundo iliyopotea shambani. Kifaa chake kilimpeleka kwenye hazina ya Kirumi yenye sarafu zipatazo 15,000 za dhahabu, fedha na shaba. Baada ya kuona alichokipata, aliacha kuchimba na taarifa ikatolewa kwa mamlaka. Wanaakiolojia wakaitoa hazina hiyo ikiwa bado imepangika kama ilivyozikwa, pamoja na mabaki ya sanduku lake. Nyundo pia ilipatikana, na sasa imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza.

Pwani ya Afrika Mashariki ina mpangilio wake. Huko upepo wa kusi na kaskazi ndio unaohamisha mchanga wa fukwe, na maji ya chumvi hukifanya kifaa cha kawaida kilie ovyo kwenye mchanga uliolowa.

Dhahabu haingoji kiangazi

Kusini mwa Mbale na mashariki mwa Jinja, wilaya ya Busia iko katika ukanda wa miamba yenye dhahabu unaovuka mpaka na kuingia magharibi mwa Kenya, ambako Kakamega ilishuhudia mbio za dhahabu miaka ya 1930. Watafutaji wengi wanaonunua kifaa huwa na ndoto hiyo. Lakini sehemu kubwa ya dhahabu ya miamba ya aina hii ni chembechembe zilizotawanyika ndani ya jiwe, na kifaa hakisikii vumbi. Husikia kipande kinachotosha kushikwa kwa vidole.

Kwa wachimbaji wadogo, msimu ni suala la uhai. Kiangazi hupunguza maji ya kusafishia mchanga. Mvua huyaleta, lakini pia hujaza mashimo na kulegeza kuta zake.

Hatari inayozidi thamani

Hatari hiyo haiishii machimboni. Machi 2010, maporomoko ya udongo yalifunika kijiji cha Nametsi wilayani Bududa, na mamia ya watu walikufa au kutoweka. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale na kuua watu zaidi ya 20. Novemba 2024 mlima ulishuka tena, safari hii Bulambuli.

Mafuriko huacha kingoni vitu vingi vya chuma, na kishawishi cha kuvifuata ni kikubwa. Lakini kingo zilizochimbwa na maji hubomoka siku kadhaa baada ya mvua kukatika, na mteremko uliolowa hauhitaji mtu wa kuuchimba chini. Jinja ina hatari zake: kichocho katika maji ya kina kifupi, na radi. Kifaa chenyewe hakiiti radi, kama wengi wanavyodhani. Anayeiita ni mtu aliyesimama peke yake mahali pa wazi huku wingu likinguruma.

Mali ya nani?

Kupata kitu si sawa na kukimiliki. Nchini Uganda, kutafuta madini kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2022, na Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon si mahali pa kuchimba bila kibali. Tangu Sheria ya Kumbukumbu za Kihistoria ya mwaka 1967, vitu vya kale vimewekwa chini ya ulinzi wa serikali, na anayevigundua hutakiwa kutoa taarifa. Kenya, chini ya sheria yake ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, hudai leseni kwa anayetafuta vitu vya kale. Uingereza, sheria ya hazina ya mwaka 1996 humpa mgunduzi siku 14 za kutoa taarifa.

Sababu ya masharti hayo hueleweka kwa mfano wa sarafu moja. Mwaka 2013, watafiti waliokuwa katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, walipata sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala tangu mwaka 1402 hadi 1424. Kwa uzito wake haikuwa na thamani kubwa. Thamani yake ilitokana na kujulikana ilikotoka, kwa kuwa mahali hapo ndipo palipoifanya kuwa ushahidi wa biashara kati ya Afrika Mashariki na Uchina. Ingeuzwa sokoni bila maelezo, ingekuwa kipande cha shaba chenye tundu.

Busoga na miteremko ya Elgon zina ushahidi wa namna hiyo ambao haujachimbwa, yakiwemo mabaki ya wafua chuma wa kale. Takataka za tanuri zao hulia kwenye kifaa sawa na bati la jana, na mkusanyaji anayeuza kwa kilo hana sababu ya kuzitenganisha. Kila mvua kubwa huzifukua kidogo, na kila mtu anayezinyanyua bila kuandika zilikuwa wapi huondoka na ukurasa ambao hautaandikwa tena. Kwa mwenye kifaa mjini Mbale au Jinja, kazi ya kwanza mvua inapokatika ni kumwona mwenye ardhi. Ya pili, mlio ukitoka, ni kuweka alama mahali pale kabla ya kuchimba.