Programu za Simu na Asali ya Sikonge

Kila mwaka, miti ya mtundu na muba imalizapo kuchanua, warina asali wa Sikonge huingia porini. Hukaa kambini kwa majuma kadhaa, hupanda mizingani usiku kwa moshi na kamba, kisha hurudi na ndoo zao. Hapo ndipo ajapo mnunuzi mwenye gari. Hutaja bei, na mara nyingi bei aliyoitaja ndiyo bei. Mrina asali hana habari ya bei ya Tabora mjini wala ya Dar es Salaam, na hata akiwa nayo, hana gari.

Siku hizi vijana wengi waliosoma waona kwamba dawa ya jambo hili imo mkononi, yaani katika simu. Wataka kutengeneza programu itakayomwonyesha mrina bei za masoko na kumkutanisha na mnunuzi moja kwa moja, bila dalali. Nia hiyo ni njema, nasi twaiunga mkono. Lakini kwa kuwa twaitakia mema, hatuna budi kusema waziwazi kwamba kuandika programu ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Sehemu nzito iko nje ya kompyuta, na huko ndiko wengi wanakoanguka.

KUIJUA BIASHARA KWANZA

Tuanze na ndoo. Mrina asali huuza kwa ndoo ya lita 20. Mfanyabiashara wa mjini huuza kwa kilo. Sasa asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina uzito wa kilo 1.4 hivi, na kwa hiyo ndoo ya lita 20 ina kilo 28, wala si 20. Kijana akiandika programu inayohesabu lita moja kuwa kilo moja, mrina atapoteza kilo nane katika kila ndoo, na programu iliyokuja kumwokoa itakuwa imemwibia kuliko dalali.

Tena kuna unyevu. Kanuni za vyakula za kimataifa zataka asali isizidi asilimia 20 ya maji, ikizidi, huchacha. Jambo hilo simu haiwezi kuliona katika picha. Lazima awepo mtu kijijini mwenye kipimo na mwenye kuaminika, na mtu huyo ataka ujira wake. Basi aliyedhani anafungua kampuni ya programu atajikuta anafungua kampuni ya kupima asali, na asipokubali hivyo, mnunuzi wa mbali hatamrudia mara ya pili.

Na dalali je? Ni rahisi kumlaani. Lakini mara nyingi dalali huyo ndiye aliyemkopesha mrina fedha za unga na ada ya shule miezi ile mibaya kabla ya mavuno. Ndiye aliyeleta ndoo tupu. Ndiye mwenye gari. Atakaye kumwondoa dalali hana budi kwanza kuandika kazi zote azifanyazo, kisha aseme ni nani atakayezifanya badala yake. Programu inayoonyesha bei tu haijafanya hata moja kati ya hizo.

Wenzetu wa Kenya waliliona jambo hili mapema. Mwaka 2010 wanawake watatu, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, walishinda shindano la saa 48 mjini Nairobi kwa wazo lililoitwa M-Farm. Mkulima alituma ujumbe mfupi kwa namba 3535, akaletewa bei ya mazao sokoni. Lilikuwa jambo jema kwa hakika. Lakini mkulima mwenye magunia mawili, hata akiijua bei ya Nairobi, hana nguvu ya kuidai. Kwa hiyo M-Farm ikajiingiza pia katika kuwakusanya wakulima wauze pamoja. Habari ya bei bila umoja wa wauzaji ni taa bila mafuta.

SIMU YA NANI?

Jambo la pili ni simu yenyewe. Mtengenezaji hutumia simu janja, na marafiki zake wote hali kadhalika. Lakini wengi wa wale anaotaka kuwahudumia wana simu ya vitufe, ile tuiitayo kitochi, ambayo huchajiwa kwa fedha dukani au kwa umemejua, na ambayo sifa yake kuu ni kukaa na chaji siku nyingi. Huko kambini mtandao haufiki. Mrina huupata arudipo kijijini.

Ni kweli kwamba hali inabadilika. Mei 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za nchi yetu. Lakini mnara hauleti simu janja, wala hauleti fedha ya kifurushi.

Benjamin Fernandes, Mtanzania aliyeanzisha kampuni ya NALA, alilizingatia jambo hilo. Programu yake ya kwanza ilimwezesha mtu kutumia huduma za fedha za simu bila intaneti, kwani nyuma yake ilipitia njia ileile ya kubofya nyota na alama ya reli ambayo kila mtu aijua. Hata hivyo njia hiyo haikuwa mwisho wa safari. Mwaka 2021 NALA iligeukia kazi nyingine, yaani kuwasaidia Waafrika walioko Uingereza kutuma fedha nyumbani, na mwaka 2024 ikapata mtaji wa dola milioni 40. Hapa pana fundisho kwa kila kijana: wazo la kwanza, hata likiwa zuri, huenda lisiwe ndilo litakalolipa mishahara.

Hata M-Pesa haikuzaliwa kama tuijuavyo. Jaribio lake la mwaka 2005 nchini Kenya lilikusudiwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Watumiaji wakafanya mengine: wakatumiana fedha wao kwa wao. Wenye mradi wakawatazama, wakawasikiliza, na Machi 2007 wakaifungua kama huduma ya kutuma fedha. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Laiti wangalishikilia wazo lao la awali kwa kiburi, leo tusingalikuwa na jina hilo midomoni.

HONGO ZA NJIANI

Wazee wetu waliobeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo walijua kwamba safari ina gharama zisizoonekana mwanzoni. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32, na msafara ulilipa hongo kwa kila mtawala aliyeshika njia na maji, hasa Ugogo. Kiongozi asiyeihesabu hongo kabla ya kuondoka aliishiwa nguo na shanga katikati ya nyika.

Programu nayo ina njia yake. Kampuni huandikishwa BRELA na kupata namba ya mlipa kodi. Duka la Google lataka dola 25 mara moja, na la Apple dola 99 kila mwaka. Isitoshe, mtu binafsi aliyefungua akaunti mpya ya Google baada ya Novemba 2023 huambiwa kwanza atafute watu wa kuijaribu programu yake kwa siku 14 mfululizo. Kwanza walitakiwa 20, na tangu Desemba 2024 ni 12. Kwa kijana wa mjini hilo ni jambo la kuwaita rafiki. Kwa kijana wa Sikonge, kupata watu 12 wenye simu janja na vifurushi visivyokatika kwa majuma mawili ni kazi ya kupangwa.

Akitaka njia ya nyota na reli kwa ajili ya wenye vitochi, atahitaji kibali cha TCRA na mapatano na kila kampuni ya simu, kwani mrina mmoja yuko Vodacom, wa pili Airtel, wa tatu Halotel, na wa nne Yas, iliyoitwa Tigo hadi mwaka 2024. Akikusanya majina na namba za watu, ajue kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekuwa ikitumika tangu tarehe 1 Mei 2023.

Na hongo huweza kubadilika msafara ukiwa njiani. Julai 2021 ilianzishwa tozo ya miamala ya simu, ya shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, na baada ya vilio vya wananchi ikapunguzwa kwa asilimia 30 mnamo Septemba mwaka huohuo. Aprili 2022 kampuni kubwa ya Uber ilisimamisha huduma zake nchini kwa sababu ya kanuni mpya za nauli na kamisheni, ikarudi Januari 2023. Kampuni kubwa yaweza kungoja miezi tisa. Kampuni ya vijana watatu wenye kompyuta mbili haiwezi. Kwa hiyo sheria isomwe kabla, si baada.

MTAJI NA IMANI

Vijana hulalamika kwamba hakuna mtaji, na malalamiko hayo yana haki. Sheria yataka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne wanawake, nne vijana, na mbili watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Lakini vijana hukopeshwa kwa vikundi, na ofisa amezoea kupima cherehani, pikipiki na mashine ya kusaga. Programu haishikiki. Twaziomba halmashauri zijifunze kuipima kazi ya namna hii kwa alama zake: ni warina wangapi wameuza kwayo, ni ndoo ngapi zimelipwa, na kwa muda gani.

Kijana naye asingoje fedha nyingi. Na aanze na kijiji kimoja, kikundi kimoja cha wafugaji wa nyuki, msimu mmoja. Hata bila programu kamili, daftari, kipima unyevu na simu moja vyatosha kujua kama mnunuzi wa mjini atalipa na kama mrina atamtimizia ahadi. Likifanikiwa hilo kwa ndoo 50, hapo ndipo programu itakapokuwa na kazi ya kufanya. Imani hujengwa siku ya malipo. Mrina akilipwa siku aliyoahidiwa, ndugu zake watajiandikisha bila tangazo.

DAFTARI LIKO WAPI?

Twamalizia kwa jambo lililo kubwa kuliko yote. Nchi hii ya kusini mwa Tabora, ambayo Stanley aliipitia mwaka 1871 alipozunguka kukwepa vita vya Mirambo, ilikuwa na watu walioijua njia kuliko wageni wote. Wanyamwezi walibeba, waliongoza, walifanya biashara. Lakini mikopo na hesabu kubwa za pembe zilikuwa Unguja, kwa matajiri kama Taria Topan, aliyemkopesha Tippu Tip. Aliyeshika daftari ndiye aliyeshika faida, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mpagazi alibaki na mabega yake.

Programu ya kuuza asali ni daftari. Itatengenezwa, tupende tusipende, kwani asali ya miombo yatakiwa. Swali ni nani atakayeliandika: mtu anayejua kwamba ndoo ni kilo 28, au mtu wa mbali atakayejifunza hilo kwa hasara ya mrina. Kwa sababu hiyo twawahimiza vijana wa Sikonge wasikate tamaa kwa ugumu tulioutaja, bali wauhesabu kama kiongozi wa msafara alivyohesabu hongo na visima. Na vyama vya wafugaji wa nyuki viwafungulie milango, viwape mizani na viwaonyeshe vitabu vyao vya mauzo, maana kazi hii haiwezi kufanywa na mwenye kompyuta peke yake.