Kingamwili ya Kloni Moja: Kutoka Damu ya Mtoto Mchanga wa Kisangani hadi Seli Shina za Uboho

Kingamwili ya kloni moja ni protini inayotengenezwa maabara ili ishike umbo moja tu na kuyaacha mengine yote. Kwa sifa hiyo imekuwa chombo cha kutafutia protini moja katikati ya maelfu. Kipimo cha mimba cha dukani hufanya kazi kwa njia hii, na kipimo cha haraka cha malaria vilevile. Katika ugonjwa wa selimundu, ambao familia nyingi za Kisangani, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huutaja kwa herufi mbili tu, SS, kingamwili za aina hii hutumika katika hatua mbili zilizo mbali sana. Hatua ya kwanza ni kutambua hemoglobini yenye kasoro katika damu ya mtoto aliyezaliwa leo. Hatua ya pili, inayofanyika katika hospitali chache zenye uwezo wa kuponya ugonjwa huo, ni kutambua protini iitwayo CD34, ambayo hukaa juu ya seli shina zinazozaa damu.

Namna inavyotengenezwa

Mwili ukiingiwa na kitu kigeni, seli nyeupe za kundi B hutoa kingamwili za kukikamata. Kila seli B hutoa aina moja tu ya kingamwili, lakini seli zinazoitikia ni nyingi, kwa hiyo damu ya mtu au mnyama aliyechanjwa huwa na mchanganyiko: nyingine hushika upande huu wa protini, nyingine upande ule, nyingine hushika hata protini jirani zinazofanana nayo. Mchanganyiko kama huo hauaminiki pale inapotakiwa kutofautisha vitu viwili vinavyokaribia kuwa sawa.

Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, Uingereza, walionyesha njia ya kupata aina moja peke yake. Panya huchanjwa kwa protini inayotafutwa, kisha seli B huchukuliwa kutoka wengu wake. Seli hizo hufa upesi zikiwekwa kwenye chupa ya maabara, hivyo huunganishwa na seli za saratani ya uboho, ambazo hugawanyika bila kikomo. Mchanganyiko mzima hukuzwa katika chakula maalumu chenye dawa inayoua seli za saratani ambazo hazikuungana. Zile za wengu ambazo hazikuungana hufa zenyewe, na zinazobaki ni chotara: zina uwezo wa kutoa kingamwili na uwezo wa kuendelea kuishi. Chotara hao hutenganishwa mmoja mmoja kwenye vishimo vidogo, na kila mmoja huzaa ukoo wake, yaani kloni. Kingamwili ya kila kloni hupimwa, na ile inayoshika kinachotakiwa huhifadhiwa. Köhler na Milstein walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1984, pamoja na Niels Jerne.

SS katika mji wa Kisangani

Selimundu ni kasoro ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu. Mnyororo wake uitwao beta una asidi amino 146. Katika hemoglobini ya kawaida, A, nafasi ya sita ina asidi glutamiki. Katika hemoglobini S nafasi hiyo hiyo ina valini. Jambo hilo liligunduliwa na Vernon Ingram huko Cambridge katika miaka ya 1956 na 1957. Badiliko hilo moja hufanya molekuli za S zishikamane zinapokosa oksijeni, nazo seli hujipinda kama mundu, huziba mishipa midogo, na hufa mapema. Matokeo yake ni maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu, na udhaifu mbele ya bakteria.

Mtoto anayerithi S kutoka kwa mzazi mmoja huwa AS na kwa kawaida haugui. Tena hupata kinga dhidi ya malaria kali, jambo lililothibitishwa na Anthony Allison mwaka 1954 kwa utafiti wa Afrika Mashariki. Ndiyo sababu S imeenea katika nchi za malaria, na bonde la Kongo ni mojawapo. Wazazi wawili wenye AS wanapopata mtoto, uwezekano wa kuwa SS ni robo katika kila mimba. Kwa Kongo nzima inakadiriwa kwamba watoto wapatao 40,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka.

Huko Kisangani, watafiti walipima watoto wachanga 520 na kuchapisha matokeo mwaka 2010: asilimia 23.3 walikuwa AS, na asilimia 0.96 walikuwa SS. Maana yake, karibu mtoto mmoja katika kila mia moja alizaliwa na ugonjwa, na karibu mmoja katika kila wanne alikuwa mbebaji. Watafiti hao waligusia pia suala linalohusu benki ya damu: ikiwa wabebaji ni wengi hivyo, damu ya baadhi ya wachangiaji nayo ina hemoglobini S, na mgonjwa wa SS huongezewa damu ili apate hemoglobini A.

Kipimo cha tone la damu

Ugumu wa kupima siku ya kuzaliwa unatokana na hemoglobini ya tatu, F, ambayo ndiyo nyingi katika damu ya mtoto mchanga. Jaribio la Emmel, ambalo huzinyima seli oksijeni ili zionekane kwenye hadubini kama zitajipinda, halitoi jibu la kutegemewa kwa mtoto huyo, kwa kuwa S yake bado ni kidogo. Tena haliwezi kumtenga AS na SS. Elektroforesi na mashine nyingine za kutenganisha protini hutoa jibu, lakini huhitaji umeme usiokatika, kemikali, na fundi aliyefunzwa.

Hapo ndipo kingamwili za kloni moja zilipoleta njia nyingine. Kipimo kiitwacho HemoTypeSC, kilichotengenezwa Marekani, kina kingamwili zinazotofautisha hemoglobini A, S na C (aina nyingine isiyo ya kawaida), ingawa tatu hizo zinatofautiana katika nafasi ile moja tu ya mnyororo beta. Damu inayohitajika ni kidogo kuliko tone la kawaida. Mkunga au muuguzi huchoma kisigino cha mtoto, hunyonya damu kwa kipande cha karatasi, hukitumbukiza katika maji, kisha huingiza kijiti cha kupimia. Jibu hupatikana katika muda wa dakika kumi hivi, bila umeme, na wingi wa hemoglobini F hauliharibu.

Usomaji wake unahitaji uangalifu, kwa sababu ni kipimo cha ushindani. Hemoglobini iliyomo kwenye damu ikizishika kingamwili zenye rangi, hazibaki za kushika mstari wa hemoglobini hiyo. Kwa hiyo mstari unaoonekana humaanisha hemoglobini hiyo haipo, na mstari unaokosekana humaanisha ipo. Mtu aliyezoea kipimo cha malaria au cha mimba, ambamo mstari ni “ndiyo”, hulazimika kujifunza upya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamekitumia kipimo hiki kwa watoto wachanga wa mji huo.

Faida ya kujua mapema ni ya dhahiri. Dalili za SS huanza kujitokeza baada ya miezi michache, kadiri hemoglobini F inavyopungua. Mtoto aliyetambuliwa kabla ya hapo anaweza kuanzishiwa penisilini, ambayo katika utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 1986 ilipunguza maambukizi ya bakteria wa nimokoki kwa asilimia 84. Hupewa chanjo na kinga ya malaria, na mama hufundishwa kumpapasa tumbo ili agundue wengu ukivimba ghafla. Baadaye dawa ya hidroksiurea hupunguza maumivu kwa kuongeza hemoglobini F. Yote haya ni matunzo. Chanzo cha seli zenye kasoro hubaki palepale.

Seli shina na protini CD34

Chanzo hicho kimo ndani ya uboho, ambako seli shina za damu hugawanyika na kuzaa seli nyekundu, seli nyeupe na chembe sahani maisha yote ya mtu. Anayebadilishiwa seli shina hubadilishiwa damu. Mwaka 1984 madaktari wa Memphis, Marekani, walitangaza kwamba msichana mwenye selimundu, aliyepandikizwa uboho kwa sababu ya saratani ya damu, alipona magonjwa yote mawili. Mwaka 1988 madaktari wa Ubelgiji nao walieleza upandikizaji kwa watoto watano wenye selimundu.

Tatizo ni kwamba seli shina ni chache mno, na kwenye hadubini hazina alama ya kuzitofautisha na seli nyingine changa. Mwaka huo huo wa 1984, Curt Civin na wenzake wa Johns Hopkins, Baltimore, walichapisha jibu. Waliwachanja panya kwa seli za saratani ya damu zilizokuwa bado changa sana, wakazalisha chotara, wakatafuta kingamwili inayoshika seli changa peke yake. Waliipata na kuiita My-10. Haikushika seli za damu zilizokomaa, bali ilishika sehemu ndogo ya seli za uboho, takriban 1 hadi 4 katika kila 100. Na katika sehemu hiyo ndogo ndimo zilimokuwa seli zenye uwezo wa kuotesha makundi mapya ya damu katika chupa. Protini iliyoshikwa na My-10 baadaye ilipewa jina CD34 katika orodha ya kimataifa ya alama za seli, ile ile iliyotoa jina CD4, linalofahamika na watu wanaofuatilia kinga zao kwa sababu ya VVU.

Seli zinavyohesabiwa

Mchangiaji anayetarajiwa kutoa seli shina hudungwa dawa inayozisukuma kutoka uboho kwenda kwenye damu. Mgonjwa wa selimundu mwenyewe, anapotolewa seli zake ili zirekebishwe, hapewi ile ya kawaida, G-CSF, kwa kuwa inaweza kumletea maumivu makali na hata kifo. Kwake hutumika dawa nyingine, plerixafor. Kisha damu hupimwa kwa kingamwili mbili za kloni moja zilizofungwa rangi zinazong’aa. Ya kwanza hushika CD45, iliyopo juu ya seli nyeupe zote; ya pili hushika CD34. Seli nyekundu huyeyushwa, na zilizobaki hupitishwa moja moja mbele ya mwanga wa leza. Mashine husoma rangi ya kila seli, ukubwa wake na chembechembe zilizomo ndani.

Seli inayotafutwa hung’aa kwa CD34, ina CD45 kiasi kidogo, na ndani haina chembechembe nyingi. Kanuni hizi ziliwekwa mwaka 1996 ili hospitali mbalimbali zipate hesabu zinazolingana, na zinadai zihesabiwe seli zisizopungua 100 zenye CD34 kabla ya kutoa jibu. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua: kwa kawaida hutakiwa angalau seli milioni 2 zenye CD34 kwa kila kilo ya uzito wa anayepokea. Zikipungua, damu mpya inaweza kuchelewa kuota, na mgonjwa hubaki bila kinga.

Kingamwili ya CD34 hutumika pia kuzichuja seli. Hufungwa chembe ndogo za chuma, huchanganywa na damu iliyokusanywa, na mchanganyiko hupitishwa katika sumaku. Zenye CD34 hunaswa, nyingine hupita. Ndivyo zinavyopatikana seli za kurekebishwa vinasaba katika tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huo. Seli hizo hurekebishwa ili zirudie kutengeneza hemoglobini F ya utotoni. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Mipaka ya chombo

Kingamwili hueleza kwamba umbo fulani lipo. Haielezi seli inafanya nini. Nyingi kati ya seli zenye CD34 si seli shina halisi, bali ni watoto wao walioanza kuelekea aina fulani ya damu. CD34 hupatikana pia kwenye kuta za mishipa ya damu, na zipo seli shina chache zisizokuwa nayo. Kwa hiyo watafiti huongeza alama nyingine: wanaotaka seli shina zenyewe huchagua zenye CD34 na CD90 lakini zisizo na CD38. Seli zilizokufa nazo hushika kingamwili ovyo, hivyo huwekwa rangi ya kuzitambua ili zisihesabiwe. Hata kloni hazilingani: My-10 hushika sehemu ya CD34 inayoharibiwa na baadhi ya vimeng’enya, ilhali kloni nyingine kama 8G12 hushika sehemu isiyoharibika, na kwa sababu hiyo ndizo zinazopendelewa katika hesabu za hospitali.

Kipimo cha kisigino nacho kina mpaka wake. Mtoto aliyeongezewa damu muda mfupi uliopita ataonyesha hemoglobini A ya mchangiaji, na SS anaweza kusomeka kama AS. Hivyo majibu ya SS huthibitishwa kwa njia nyingine, na aliyeongezewa damu husubiri kabla ya kupimwa.

Katika Afrika Mashariki, upandikizaji wa uboho kwa watoto wenye selimundu ulianza mwaka 2023 katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, Tanzania. Kwa familia za Kisangani tiba hiyo bado inamaanisha safari ndefu, mchangiaji anayelingana, na gharama zisizo za kawaida. Kipimo cha tone la damu, kinyume chake, kinaweza kufanyika katika wodi yoyote ya uzazi ya mji huo, iwe mtaani Makiso au ng’ambo ya mto huko Lubunga, na kwa wachangiaji wa damu pia. Kinachohitajika ni ugavi usiokatika wa vijiti, wakunga waliofunzwa kuvisoma, na kliniki ya kumpokea mtoto siku jibu linapotoka.